Rupia Moja ni Shilingi Ngapi?

Wasikilizaji wetu, lau tungaliweza kuwakusanya barazani watu watatu wa zamani, mmoja mfanya biashara wa Mombasa wa mwaka 1910, wa pili karani wa Nairobi wa mwaka 1921, na wa tatu mkulima wa karafuu wa Unguja wa mwaka 1936, kisha tukawauliza, "Rupia moja ni shilingi ngapi?" wangalitupa majibu matatu mbalimbali. Wa kwanza angalisema, shilingi moja na peni nne. Wa pili, shilingi mbili kamili. Wa tatu, shilingi moja na nusu. Wala hapana hata mmoja wao ambaye angalikuwa mwongo. Jambo hilo ndilo tutakalolisimulia, maana wengi wetu twadhani ya kuwa kima cha kubadilishia fedha ni shughuli ya wenye mabenki, na mtu wa jembe au wa kibarua haimhusu. Khabari za rupia na pauni katika nchi zetu zaonyesha vingine.

Kwanza tukumbushane hesabu ya Kiingereza ya siku zile, kwa kuwa vijana hawakuiona. Kabla ya mwaka 1971 pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Basi pauni nzima ni peni 240. Mwenye kalamu na karatasi na aiandike tarakimu hiyo pembeni, itamfaa mbele.

Rupia haikuzaliwa kwetu. Ililetwa na pepo za kaskazi pamoja na wafanya biashara wa Kihindi, ikaikuta pwani reale, ile fedha kubwa yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo kila ilipofuliwa ilipigwa mwaka ule ule wa 1780, hata kama malkia mwenyewe alikwisha kufa zamani. Seyyid Barghash wa Unguja alitoa riale yake mwenyewe mwaka 1882, lakini haikuweza kuishinda rupia. Kampuni ya Waingereza iliyokaa Mombasa ilipotaka kutoa fedha yake mwaka 1888, ilitoa rupia. Wajerumani waliposhika pwani ya Tanganyika, nao walitoa rupia tangu mwaka 1890, kwanza yenye pesa 64, kisha tangu mwaka 1904 yenye heller 100; na katika hizo heller ndimo tulimopata neno letu "hela". Na reli ya kutoka Mombasa kwenda ziwani ilipojengwa, tangu mwaka 1896 hata 1901, maelfu ya vibarua kutoka India walilipwa kwa rupia. Kwa hiyo nchi zetu zilitawaliwa kutoka London na Berlin, lakini mifukoni mwa watu ilikaa fedha ya Bombay na Calcutta.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili: fedha ni madini nyeupe, na fedha ni mali ya kununulia. Kwa rupia maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa rupia ilikuwa kipande cha madini ya fedha karibu safi, sehemu 11 katika 12. Pauni ya Uingereza ilikuwa ya dhahabu. Basi kuuliza rupia ni shilingi ngapi ilikuwa sawa na kuuliza fedha ipimwe kwa dhahabu kiasi gani. Na madini hayo mawili hayakuapa kukaa pamoja.

Mpaka kama mwaka 1870 rupia ilikuwa karibu shilingi mbili. Kisha Ujerumani ikaacha fedha ikashika dhahabu, na nchi nyingine zikaifuata, na huku Marekani machimbo mapya yakatoa fedha nyingi kupita desturi. Kitu kikiwa tele na wanunuzi wakapungua, twajua yatakayokuwa. Rupia ilishuka mwaka hata mwaka, na baada ya mwaka 1893 ikafika shilingi moja na peni moja tu. Serikali ya India, iliyokuwa na madeni ya kulipa London kwa pauni, ililemewa. Katika mwaka huo wa 1893 ikafunga nyumba zake za kupigia chapa kwa kila mtu aliyeleta madini yake, ili rupia ziwe haba. Zikawa haba kweli, na kima kikapanda polepole hata shilingi moja na peni nne. Hapo kikazuiliwa. Sheria ya India ya mwaka 1899 ikaweka pauni ya dhahabu kuwa rupia 15, na mwaka 1905 amri kama hiyo ikafuata katika Kenya ya siku hizo na Uganda. Tazameni karatasi yenu: peni 16 mara 15 ni peni 240. Hesabu inakutana bila ya kubaki kitu.

Wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu huipenda sehemu hii, kwa sababu haina sehemu za sehemu. Na watu wa wakati ule waliipenda vile vile. Kwa muda wa miaka karibu ishirini kima hakikutikisika, hata watu wakakichukulia kama majira ya masika na vuli, jambo ambalo Mungu ameliweka. Mlowezi alikopa pauni, akaandikiwa rupia. Muhindi mwenye duka aliagiza nguo Manchester kwa pauni, akaziuza kwa rupia. Mtu mweusi alilipwa mshahara kwa rupia akatoa kodi kwa rupia, wala hakuwa na haja ya kujua kuwa iko pauni duniani.

Vita vikuu vya mwaka 1914 vilivuruga yote. Uingereza ilinunua India vitu vingi kwa ajili ya majeshi, nayo haikuweza kupeleka dhahabu ya kulipia; ikabidi India ipige chapa rupia nyingi mno, na kwa rupia nyingi madini mengi. Wakati huo huo Meksiko, nchi yenye machimbo makubwa ya fedha, ilikuwa katika fitina na mapigano. Bei ya fedha katika soko la London ilikuwa kama peni 27 kwa wakia mwaka 1915. Katikati ya mwaka 1917 ikapita peni 43. Tarakimu hiyo ya 43 ndiyo kizingiti cha mlango wetu, maana kwa bei hiyo madini yaliyomo ndani ya rupia moja yalikuwa yenyewe na thamani ya shilingi moja na peni nne. Bei ikizidi hapo, rupia yafaa zaidi chunguni kuliko sokoni: mtu aiyeyushe, auze bonge, apate faida. Serikali ya India ilikataza kuyeyusha katika mwaka huo huo, lakini katazo peke yake halitoshi mbele ya faida, ikabidi kima chenyewe kifuate madini. Mwezi wa Agosti 1917 rupia ikawa shilingi 1 na peni 5. Aprili 1918, peni 6. Mei 1919, peni 8. Agosti, peni 10. Septemba, shilingi 2 kamili. Novemba, shilingi 2 na peni 2. Desemba, shilingi 2 na peni 4. Mwezi wa Februari 1920 wakia ya fedha ilifika peni 89 na nusu, na rupia ikauzwa kwa muda mfupi karibu na shilingi 2 na peni 11.

Sasa turudi kwetu, tukamtazame mtu aliyekopa. Mlowezi wa nyanda za juu alikopa benki rupia 15,000 kabla ya vita. Kwa hesabu ya siku zile hizo zilikuwa pauni 1,000. Akalima kitani, au kahawa, au mkonge, akapeleka London, na huko akalipwa kwa pauni. Pauni 100 alizolipwa zamani zilikuwa rupia 1,500 mkononi mwake. Rupia ilipofika shilingi mbili, pauni 100 zile zile zikawa rupia 1,000 tu. Walakini daftari la benki bado lilisema rupia 15,000, na kuzilipa sasa kulihitaji pauni 1,500. Deni lake liliongezeka kwa nusu yake, wala hakuchukua hata senti moja zaidi, wala hakukosa malipo, wala nzige hawakuingia shambani. Mtu alilala na deni moja akaamka na jingine.

Walowezi wakapiga kelele, wakataka kima kirudishwe rupia 15 kwa pauni. Mabenki hayakukubali, maana faida ya mdai ni hasara ya mdeni. Tena hatuna budi kusema kwa haki kwamba katika siku hizo fedha ilipokuwa ghali kupita kiasi, rupia isingaliweza kushushwa hata peni 16 na bado ibaki nchini. Ingalikimbilia India mara moja. London wakakata shauri. Mwezi wa Desemba 1919 ikaundwa Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, yenye makao London. Mwanzo wa mwaka 1920 Lord Milner, Waziri wa Makoloni, akaamuru kwamba katika Afrika Mashariki rupia itakuwa shilingi mbili, basi, lolote litakalotokea India. Mwaka huo huo ikatolewa fedha mpya iliyoitwa florini, yenye kima cha rupia moja na uzito wa rupia, lakini madini ya fedha ndani yake yalikuwa nusu tu. Mtu akizishika mbili mkononi, moja kulia na moja kushoto, mizani isingalimwambia kitu.

Na hapa historia ilifanya mzaha wa kikatili. Wino wa amri ile ulikuwa haujakauka vema, na bei ya fedha ikaanguka duniani. Rupia ya India nayo ikaanguka pamoja nayo, na kabla ya mwaka 1920 kwisha ilikuwa Bombay kama shilingi moja na peni tano. Lakini Mombasa amri ilisema shilingi mbili. Yafikirini, wasikilizaji. Mtu anunue rupia Bombay kwa peni 17, aitie ndani ya gunia la mchele, aivushe bahari kwa jahazi, na akishuka Mombasa aibadilishe kwa peni 24. Ni biashara gani ya pembe au ya karafuu yenye faida ya peni 7 katika 17 kwa safari moja ya msimu? Serikali ikapiga marufuku kuleta rupia. Pwani yetu ni ndefu, na mabandari yake madogo hayahesabiki, wala mabaharia wa jahazi hawajawahi kuwa wapumbavu. Mwishowe, mapema mwaka 1921, serikali ikaiondoa rupia ya India katika fedha halali. Wenye kukaa mjini waliokuwa na khabari walizibadilisha kwa wakati. Waliokuwa na rupia zao ndani ya vyungu vilivyofukiwa, mbali na boma na mbali na duka, hawakuwa na redio ya kuwaambia.

Tumesema habari za mlowezi, sasa tuseme za kibarua wake, ambazo ni nzito zaidi.

Tuchukue mfano wa mtu aliyelipwa rupia 6 kwa mwezi. Kwa kima cha zamani hizo ni shilingi 8. Kwa kima kipya ni shilingi 12. Walowezi walitazama upande huo wa daftari, wakaona kuwa mshahara nao umepanda kwa nusu, wakati bei ya kahawa na kitani ulimwenguni inaanguka. Mwaka 1921 wakapatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Theluthi ya 12 ni 4, zikabaki 8, wakasema, "Tumemrudisha pale pale alipokuwa." Kwa hesabu walisema sawa. Lakini sisi twaona ya kuwa ilikuwa hesabu ya jicho moja. Mtu yule hakuwahi kuishi kwa pauni. Alizijua rupia zake sita na vitu vilivyonunuliwa kwazo. Sasa aliambiwa florini moja ni sawa na rupia moja, kisha akapewa florini nne badala ya sita. Hapana amri iliyomlazimisha mwenye duka kupunguza bei ya kaniki na amerikani kwa theluthi. Wala kodi haikupunguzwa. Ilikuwa imekwisha kupandishwa. Kodi ya nyumba iliyokuwa rupia 5 ilifanywa rupia 8, na rupia 8 kwa kima kipya ni shilingi 16. Mtu wa shilingi 8 kwa mwezi alifanya kazi miezi miwili mizima kwa ajili ya nyumba moja, naye zamani mshahara wa mwezi mmoja ulimtosha kulipa kodi na kubaki na rupia.

Watu hawakunyamaza. Katika mwezi wa Juni 1921 vijana wa Nairobi walianzisha chama, na kiongozi wao alikuwa Harry Thuku, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali, mahali ambapo mambo ya fedha hayakuwa mageni. Mishahara iliyokatwa, kodi, na kipande ndiyo yaliyokuwa malalamiko yao. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi wakipigania afunguliwe walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 20. Yeye akapelekwa Kismayu. Hatusemi kwamba yote hayo yaliletwa na rupia. Mashamba yaliyotwaliwa na kipande vilikuwa na uchungu wao wenyewe. Twasema tu kwamba katika vitabu vingi vya shule khabari za Thuku huwa katika sura moja na khabari za fedha katika sura nyingine, hali ni jambo moja. Katika mwaka huo wa 1922 kodi ilishushwa kuwa shilingi 12.

Florini nayo haikudumu. Watu wa biashara waliona ni fedha isiyokuwa na jina wala ukoo, na mwaka 1921 ikaamriwa kwamba shilingi ichukue nafasi yake, shilingi mbili kwa florini moja. Ndipo ilipotoka ile shilingi yenye simba na milima nyuma yake, ambayo wazazi wetu waliijua maisha yao yote. Uganda na Tanganyika zikaingia katika shilingi hiyo hiyo. Jambo moja liliwasumbua sana watu wadogo: rupia ilikuwa na senti 100, florini senti 100, na shilingi pia senti 100. Basi senti ya shilingi ilikuwa nusu ya senti ya rupia, na zote mbili zilikuwa na tundu katikati ya kupitishia kamba. Mwenye kujua kusoma aliweza kuona tofauti katika maandishi ya Kiingereza yaliyozunguka tundu. Asiyejua kusoma alikuwa chini ya rehema ya mwenye duka.

Kiswahili kilifanya hesabu yake chenyewe, wala hakikungoja Bodi. Thumuni, au sumuni kama isemwavyo na wengi, maana yake ni sehemu ya nane, na hapo kale ilikuwa sehemu ya nane ya reale. Reale ilihesabiwa sokoni rupia mbili na kitu, basi sumuni ilikuwa kama robo ya rupia. Rupia ilipofanywa shilingi mbili, robo yake ikawa nusu shilingi. Ndiyo sababu senti 50 ziliitwa sumuni, na mgeni akashangaa kwa nini nusu iitwe sehemu ya nane.

Imebaki Unguja. Dola ya Seyyid haikuingia katika mambo ya florini. Ilibaki na rupia ya India miaka mingine kumi na mitano. Katika muda huo India yenyewe iliweka kima chake mwaka 1927 kuwa shilingi 1 na peni 6. Basi Unguja ilipoamua mwishowe kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, tarehe 1 Januari 1936, rupia ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Mtu wa Mombasa aliyebadilisha rupia 10 mwaka 1920 alihesabiwa shilingi 20. Mtu wa Unguja, ng'ambo ya maji tu, alipewa shilingi 15. Mwenye akiba alilalamika. Lakini mkulima wa karafuu ambaye miti yake ilikuwa rehani kwa tajiri alikuwa na haki ya kushukuru, maana deni lake la rupia 100 lilikuwa shilingi 150, nalo kwa kima cha Lord Milner lingalikuwa 200.

Tangu hapo pwani nzima na bara zilikuwa na shilingi moja, ishirini kwa pauni, mpaka mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanza kutoa kila nchi shilingi yake kwa benki kuu yake, zote tatu zikiwa sawa na ile ya zamani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 1967, Uingereza ilishusha thamani ya pauni. Safari hii shauri halikukatwa London. Serikali tatu zilikaa zikapiga hesabu za madeni yao na mazao yao, zikakataa kushuka pamoja nayo, na kwa mara ya kwanza tangu siku za florini pauni moja haikuwa tena shilingi ishirini.